Seva ya diski sita iliyokuwa inavuma mpaka chumba cha pili: kisa kizima na tulivyoituliza

Hiki ni kisa cha seva ya nyumbani ya jamaa yangu mmoja (kompyuta ya kuhifadhia mafaili ya familia, inawaka muda wote), diski sita ndani ya boksi la chuma jembamba, limekaa juu ya kabati la mbao sebuleni, na ukuta wa nyuma ya hilo kabati upande wa pili ndo chumba cha kulala. Nakiandika kirefu makusudi, maana karibu kila mtu anaetaka seva isiyopiga kelele anaanzia kwenye feni na sponji, anamalizia hela zote hapo alafu mvumo unabaki palepale. Mimi naona kwenye boksi lenye diski nyingi kuna maswali mawili ya kujibu kwanza kabla hujanunua kitu chochote: mtetemo unatokea wapi kwenda nje, na nani anaziamsha diski wakati hakuna mtu anaezitumia.

Aliyelalamika ni shemeji. Maneno yake yalikuwa hivi, "shemeji hii kitu usiku inavuma, inapanda inashuka, nikisimama katikati ya chumba siisikii ila nikiweka tu kichwa kwenye mto ndo hiyo hapo." Jamaa yangu akawa anabisha, "kaka mi nashinda nayo hapa sebuleni mchana kutwa, feni zenyewe nimebadilisha, hakuna kelele." Sasa wote wawili walikuwa wanasema ukweli, na hili ndo jambo la kwanza la kuelewa kuhusu hii sauti.

Diski inayozunguka mara 7200 kwa dakika inazunguka mara 120 kwa sekunde, ya 5400 inazunguka mara 90, kwaiyo mvumo wake mkubwa unakaa kwenye hezi 120 au 90. Hizo ni sauti nzito. Wimbi la hezi 120 hewani lina urefu wa karibu mita 2.9, na wimbi refu hivyo likifika ukutani linarudi na kujijenga, ndani ya chumba panakuwa na sehemu sauti imejaa na sehemu karibu hakuna kitu. Kwenye ukuta inajaa siku zote, ukisogea kama sentimita 70 kutoka hapo inapungua sana. Kichwa cha kitanda kilikuwa kimegusa ukuta. Shemeji alikuwa analala pale pale ambapo sauti imejaa, na jamaa anakaa sebuleni kwenye kiti kilichoko sehemu ambayo imepungua. Ndo maana nasema mtu akikwambia anasikia mvumo, nenda kasikilize pale kichwa chake kinapokaa, sio pale unapokaa wewe.

Tukaweka simu juu ya mto, ikiwa na ile programu inayochora masafa ya sauti (zipo nyingi na za bure), taa zimezimwa, madirisha yamefungwa. Mchoro ukaonyesha mlima mmoja mrefu kwenye 120 na mwingine mfupi zaidi kwenye 90, feni hazikuonekana kabisa kwa chumba kile. Alafu ule mlima wa 120 ulikuwa unapanda na kushuka polepole kama mtu anaevuta pumzi, na hii ndo ile "inapanda inashuka" ya shemeji. Inatokea kwa sababu hakuna diski mbili zinazozunguka sawasawa kabisa, moja ikiwa kwenye hezi 120.0 na nyingine 119.9 basi kila baada ya sekunde 10 zinakutana, zinasaidiana, alafu zinapishana na kuuana. Sikio linaweza kuzoea mvumo ulionyooka ila huu unaobadilika badilika halizoei, na ndo unaomnyima mtu usingizi. Mwenye diski moja hapati hii shida, inaanza ukiweka ya pili.

Kitu kingine kilichojitokeza hapo, kwenye karatasi diski za 7200 zilikuwa mbili tu, zile kubwa za TB 12. Zile nne za TB 4 zote zilikuwa zimeandikwa 5400. Lakini tulipozima seva tukachomoa nyaya zote tukawa tunawasha diski moja moja, moja kati ya hizo nne ikaonyesha mlima wake kwenye 120. Lebo yake haikusema inazunguka 5400, ilisema ni ya "daraja la" 5400, na hilo neno daraja lina maana yake, ni kundi la utendaji na sio mwendo wa mota. Usiamini lebo kama unanunua kwa ajili ya ukimya, simu na hiyo programu vinakwambia ukweli ndani ya dakika moja.

Baada ya hapo tukafanya jaribio ambalo ningemshauri mtu yeyote alifanye kabla hata ya kufungua boksi. Zima seva, itoe juu ya kabati, iweke sakafuni juu ya godoro dogo la sponji au blanketi lililokunjwa vizuri, hakikisha matundu ya hewa hayajazibwa, iwashe tena. Usiinyanyue ikiwa inazunguka hata kama una mikono mizuri namna gani. Tulipofanya hivyo mlima wa 120 kule chumbani ukaporomoka, ukabaki kimlima kidogo. Hakuna kilichobadilika ndani ya boksi, feni zilezile, diski zilezile. Maana yake sauti iliyokuwa inafika kitandani haikuwa inatoka hewani kwenye boksi, ilikuwa inaingia kwenye kabati kupitia miguu ya boksi, na lile kabati likawa kama kifua cha gitaa, linachukua mtetemo mdogo usiosikika na kuugeuza sauti, na mgongo wake umegusa ukuta.

Hapo ndo ikaeleweka kwanini zile sponji alizobandika ndani ya boksi pande zote hazikusaidia. Sponji ya sentimita moja au mbili inanyonya sauti nyembamba, mlio wa hewa ya feni, mlio wa koili. Kwa wimbi la mita 2.9 ni kama haipo. Na ilikuwa imeziba nusu ya matundu ya mbele, diski zinapata joto, feni zinaongeza mwendo kufidia, kwaiyo ilikuwa inazalisha kelele. Tukaibandua yote.

Sasa ndani. Diski zilikuwa zimefungwa kwenye fremu chuma kwa chuma, skrubu nne kila moja zimekazwa mpaka mwisho, na fremu yenyewe imeungwa na ukuta wa boksi. Kila mtetemo unapita moja kwa moja. Dawa ni kuweka kitu laini katikati, ila laini ya kweli, na hapa watu wengi wanakosea kwa sababu wanaweka raba ngumu alafu wanakaza skrubu mpaka raba inakuwa kama chuma. Kipimo rahisi ni kuangalia uzito unadidimia kiasi gani. Kitu kilichokaa juu ya raba kikididimia milimita 1 kwa uzito wake chenyewe, basi kinacheza chenyewe kwenye karibu hezi 16, na mtetemo wa 90 au 120 uko juu sana ya hapo kwaiyo sehemu kubwa haipiti. Kikididimia sehemu ya kumi tu ya milimita kinacheza kwenye 50, ambayo sio mbali vya kutosha na 90. Na kama hakididimii kabisa kwa macho wala kwa rula, hiyo raba ni pambo tu.

Kwa zile nne ndogo tukatumia raba za matobo, zile zinazokaa kwenye tundu la fremu na skrubu ndefu inapita katikati, skrubu inakazwa mpaka inashika tu, ukiisukuma diski kwa kidole inacheza kidogo na kurudi. Kwa zile kubwa mbili ambazo ndo zenye nguvu tukazining'iniza kwa lastiki, lastiki nene ya mafundi nguo, imepitishwa kwenye fremu mara mbili mbele na mara mbili nyuma, kila diski imelala katikati ya lastiki nne kama iko kwenye machela. Diski ya inchi 3.5 ina uzito wa karibu gramu 700, lastiki nzuri inaibeba bila shida. Ila masharti yapo: diski isiguse chuma popote, boksi lisisafirishwe likiwa hivyo, na lastiki zikaguliwe mara kwa mara maana joto linazilegeza.

Tukawasha, na mlima ukawa umepungua lakini sio kiasi tulichotegemea. Tukatafuta sana. Mwisho nikashika kwa vidole waya wa umeme wa ile diski kubwa ya chini nikasikia unatetemeka kama uzi uliovutwa. Ulikuwa umefungwa kwa kile kikamba cha plastiki kwenye ukuta wa boksi, umenyooka, hauna hata nafasi ya kupinda, kwaiyo diski imening'inizwa vizuri kabisa alafu waya ndo unabeba mtetemo kuupeleka kwenye ukuta. Tukakata kikamba, waya wa umeme na ule wa data (SATA) vyote vikaachwa vimelegea na kupinda kama nusu duara. Mlima ukashuka palepale mbele ya macho yetu. Yaani kazi yote ya lastiki ilikuwa inaharibiwa na waya mmoja, na hiki kitu sijawahi kuona mtu anakitaja.

Chini ya boksi lenyewe tukatoa miguu ya plastiki tukaweka vipande vinne vya sponji nzito, vimekatwa vidogo makusudi ili vididimie. Na kabati likasogezwa kutoka ukutani upana wa kiganja.

Kuhusu feni sitakaa sana, kwa sababu hesabu yake iko wazi. Ukipunguza mwendo wa feni nusu, hewa inapungua nusu lakini kelele inashuka karibu desibeli 15, na desibeli 10 tu sikio linasikia kama nusu ya sauti. Kwaiyo feni kubwa inayozunguka polepole inashinda ndogo inayokimbia, siku zote. Zilitoka tatu za milimita 120 zilizokuwa zinakimbia 1400 zikaingia mbili za 140 kwenye 650, zimesogezwa mbali kidogo na wavu wa mbele maana majani ya feni yakiwa karibu sana na wavu yanatoa mlio. La muhimu zaidi ni kwamba mazabodi ilikuwa inaongoza feni kwa joto la prosesa, na prosesa ya seva kama hii haifanyi kitu muda mwingi wakati diski ndo zinapika. Linux kuanzia toleo 5.6 la mwaka 2020 ina moduli inaitwa drivetemp inayosoma joto la diski moja kwa moja, tukaandika kiskripti kidogo feni zifuate diski yenye joto kuliko zote.

Joto likatulia kwenye nyuzi 38 mpaka 41, diski zilizoning'inizwa zikiwa juu kidogo kwa sababu hazigusi tena chuma cha kuzipoza. Jamaa akaogopa, kazoea kuona 32. Nikamwambia watafiti wa Google walitoa utafiti mwaka 2007 wa diski zaidi ya 100,000, na hawakuona kwamba diski za joto la kati zinakufa zaidi ya zile za baridi, uhusiano ulijitokeza kwenye joto kubwa sana na kwa diski zilizozeeka. Mimi nikiona chini ya 45 nalala vizuri, na kuilazimisha feni ikimbie ili upate nyuzi 5 za urembo ni kununua kelele.

Mpaka hapo mvumo ulikuwa umekwisha kwa kiasi kikubwa, lakini kukabaki kitu kingine ambacho mwanzo kilikuwa kimefunikwa: tk-tk-tk, diski zote sita kwa pamoja, kila sekunde 5, usiku na mchana. Hii sasa ndo swali la pili, nani anaziamsha. Seva ilikuwa na ZFS, ambao ni mfumo wa kuhifadhi mafaili kwenye diski, zote sita kwenye mkusanyiko mmoja wa RAIDZ2 (diski mbili zinaweza kufa bila data kupotea), na programu zote za jamaa zilikuwa humohumo, databesi ya picha, logi (kumbukumbu za matukio ya programu), kamera ya mlangoni. ZFS inakusanya maandishi na kuyashusha kwenye diski kila baada ya sekunde 5 kama kuna chochote cha kuandika. Logi moja ya mstari mmoja inatosha. Na kwa kuwa data inagawanywa kwenye diski zote, vichwa vya diski sita vinaruka kwa wakati mmoja kwa ajili ya mstari mmoja wa logi. Tulitumia programu ya fatrace kuona nani anaandika, orodha ikajaa ndani ya dakika chache. Programu zote na data zake zikahamia kwenye SSD ndogo (hifadhi isiyo na kitu kinachozunguka), kamera pia ikawa inaandika huko kwanza.

Tk-tk ikaisha. Ila ukitega sikio karibu na boksi bado unasikia mdundo mzito kidogo, dup, na wenyewe pia kila sekunde kama 5. Tukaangalia iostat, programu inayoonyesha kazi ya diski, sifuri, hakuna kinachosomwa wala kuandikwa. Huo ni tabia ya baadhi ya diski kubwa zilizojazwa gesi ya heliamu, zikiwa zimekaa bila kazi zinahamisha vichwa kila baada ya sekunde chache ili visikae sehemu moja muda mrefu na kuchakaza sehemu hiyo. Sio ubovu, na hakuna mpangilio wa kuuzima. Wenye diski za namna hii wengi wanahangaika kutafuta programu inayoandika na haipo. Zinanyamaza zikilala tu, yaani mota ikisimama.

Na kulala kwenyewe kwenye RAIDZ2 haiwezekani vizuri, kwa sababu ukifungua picha moja zinaamka zote sita. Hapa ndo tulibishana kwelikweli. Jamaa anaipenda ZFS na ana haki, inakagua data na kujirekebisha yenyewe. Lakini vitu vyake ni video na picha za familia ambazo zikishaingia hazibadiliki, na wanaozitazama ni watu wanne. Kwa matumizi hayo mimi nachagua mergerfs (inazionyesha diski zote kama moja) na SnapRAID (inayozilinda): kila faili linakaa zima kwenye diski moja, ukifungua filamu inaamka diski moja tu, tano zinalala. Zile kubwa mbili zikawa za pariti (hesabu za ziada za kurudishia data diski ikifa), maana pariti lazima iwe kubwa sawa au zaidi ya diski yoyote ya data, na pariti inahitajika tu wakati wa kusawazisha, yaani kuihesabu upya baada ya mafaili kubadilika. Yaani diski mbili zenye kelele kuliko zote, zenye ule mdundo, zikawa zinalala siku nzima kasoro muda wa saa moja tu mchana. Nafasi haikupungua, maana kwenye RAIDZ2 zile TB 12 zilikuwa zinahesabiwa kama TB 4 kila moja.

Gharama yake lazima isemwe. SnapRAID hailindi papo hapo, faili lililoingia leo asubuhi halina kinga mpaka usawazishaji ufanyike, kwaiyo picha mpya zinabaki na nakala kwenye SSD mpaka ukamilike. Databesi usiiweke huko kabisa. Na kuhama kulihitaji kufuta mkusanyiko mzima, tusingethubutu kama hakungekuwa na bekapu nje ya hiyo seva, na tuliijaribu kwa kurudisha folda kadhaa kwanza ndo tukafuta.

Kwenye kuzilaza diski hesabu inahitajika pia. Baadhi ya diski za nyumbani zinaandikwa kwamba mota inavumilia kuwaka na kuzima mara 50,000. Ukiweka ilale baada ya dakika 10 alafu kuna kitu kinaiamsha kila robo saa, hiyo ni mara 96 kwa siku, zaidi ya 35,000 kwa mwaka, unaiua. Ikiamka mara 4 kwa siku ni chini ya 1,500 kwa mwaka, haina neno. Kwaiyo kwanza tafuta waamshaji, ndo uweke saa ya kulala. Tuliweka hdparm -S 242 (hdparm ni amri ya Linux ya kupangia diski), ambayo ni kulala baada ya saa moja kamili bila kazi. Ikawa ikilala inaamshwa, kumbe smartd, programu inayokagua afya ya diski, inaiuliza hali yake kila nusu saa, tukaongeza "-n standby" ili isiiguse ikiwa imelala. Diski moja ikagoma kabisa kulala, hiyo kusoma joto lake tu kunaanzisha upya saa ya kulala, ikabidi skripti ya feni iulize kwanza kwa hdparm -C kama imelala ndo isome, na ikiwa macho bila kazi isome mara moja moja.

Hali ilivyo sasa: usiku zote sita zinalala, chumbani mchoro wa simu hauonyeshi kitu kwenye 90 wala 120. Mtu akifungua filamu kuna kusubiri kama sekunde 10 diski ipate mwendo na unasikia ikipanda, hilo wamelikubali. Ile iliyoandikwa daraja la 5400 bado ndo inayosikika kuliko wenzake ikiwa macho, kwaiyo tumeipa vitu visivyoguswa mara kwa mara, nakala za kompyuta za zamani na video za miaka ya nyuma, na filamu za kila siku ziko kwenye zile tatu za hezi 90.

Ningekuwa naanza upya nisingeweka sita. Diski nne za TB 4 na mbili za TB 8 zinabeba kilekile, ila zikizunguka zote kwa pamoja nne zinakuwa na desibeli 3 juu ya mbili zinazofanana nazo, na kila diski ya ziada inaongeza ule mpishano wa mvumo. Mpango uliopo ni kwamba ndogo yoyote ikianza kuonyesha sekta mbovu hatununui TB 4 nyingine, inaingia ya TB 12 ya mwendo wa kweli wa 5400 kama itapatikana, data ya ndogo mbili inahamia humo, na fremu inabaki na tundu wazi la hewa.